Rekodi ipi ya Haleluya ya Handel ndiyo tuifuate? Jibu kwa mwalimu wa kwaya

Swali limetoka kwa mwalimu wa kwaya ya usharika mmoja huko Iringa. Nalifupisha: "Shikamoo mtaalamu. Kwaya yetu ina watu 24, tunaandaa Haleluya ya Handel kwa ajili ya Pasaka. Tumedanlodi rekodi mbili. Moja ina watu kibao, mwendo mzito, matoazi yanalia. Ya pili watu wachache, soprano ni watoto wa kiume, wanaenda mbio, halafu mpiga kinanda wetu akiifuatisha kwenye D inagoma, ni kama ipo nusu noti chini. Wazee wa kwaya wanasema ya kwanza ndiyo Haleluya yenyewe, vijana wanaitaka ya pili. Ipi ndiyo aliyoikusudia Handel? Na sisi watu 24 hatutaaibika kweli?"

Marahaba mwalimu. Naanza na hilo la mwisho maana naona ndilo linalowanyima usingizi. Hamtaaibika. Watu 24 ndio ukubwa ule ule ambao Handel, mtunzi mwenyewe, aliutumia, na hili silisemi ili kuwapa moyo tu, hesabu zipo. Pale London kulikuwa na nyumba ya kulelea watoto walioachwa na wazazi, ikiitwa Foundling Hospital, na Handel alikuwa akipiga pale Messiah, ule utungo mrefu ambao Haleluya ni kipande chake kimoja, kila mwaka kuanzia 1750 kuichangia hela. Hesabu za malipo ya onyesho la mwaka 1754 zimebaki mpaka leo, nani alilipwa na kiasi gani. Ukizisoma unakuta waimbaji wanaume wa kwaya 13 hivi, watoto wachache wa kiume kutoka Chapel Royal, yaani kwaya ya kanisa la mfalme, ambao ndio walioimba sauti ya kwanza, na waimba solo watano ambao nao hawakuwa wamekaa kwenye viti wakisubiri zamu zao, waliimba na kiitikio, kwa sababu vitabu vyao vya sauti vilivyobaki vina sehemu za kwaya ndani. Jumlisha mwenyewe hapo, ni watu ishirini na kitu. Orkestra ilikuwa kama watu 38, yaani wapiga vyombo walikuwa wengi kuliko waimbaji! Kwa hiyo mtu akiwaambia Haleluya inataka watu mia, mwambie Handel alikuwa na watu kama nyinyi.

Sasa turudi kwenye hizo rekodi mbili. Hukutaja majina ila kwa jinsi ulivyozieleza nadhani nazijua zote. Hiyo ya matoazi karibu nina uhakika ni ya kondakta Thomas Beecham, 1959, akiwa na orkestra ya Royal Philharmonic. Handel hakuandika matoazi popote kwenye Messiah, alitumia nyuzi, tarumbeta mbili na ngoma zile mbili za timpani, obo na basuni, vyombo vya kupuliza, zikaongezeka baadaye alipokuwa London. Hayo matoazi na ile triango unayoisikia ni kazi ya Eugene Goossens, ambaye Beecham alimpa kuipangia upya orkestra nzima. Ni rekodi ya furaha kubwa sana, mie naipenda na sitamwambia mzee yeyote asiisikilize, lakini ile ni Haleluya ya mwaka 1959 iliyovalishwa nguo za opera.

Hiyo ya pili ni kondakta Christopher Hogwood na orkestra ya vyombo vya zamani, Academy of Ancient Music, ilitoka 1980, kwaya ni ya kanisa kuu la Christ Church pale Oxford, wanaume na watoto wa kiume. Na ni mwaka gani walioufuata? Ni huo huo wa 1754 niliokutajia hesabu zake. Walichukua karatasi za Foundling Hospital wakajaribu kupanga watu na vyombo kama siku ile, vayolini zina nyuzi za utumbo, tarumbeta hazina vali, waimbaji hawatetemeshi sauti sana. Ndio maana ukiisikiliza unasikia kila sauti peke yake, sauti ya tatu ikiingia unaisikia imeingia, haijafunikwa na wengine.

Je wazee wameupata wapi ule mzito? Wana sababu, usiwadharau. Handel alifariki 1759, na mwaka 1784 Waingereza wakafanya kumbukumbu yake pale Westminster Abbey kwa waimbaji na wapigaji zaidi ya 500. Kuanzia hapo ikawa ni mashindano ya ukubwa, mpaka kufika 1859 kwenye jengo la vioo la Crystal Palace kulikuwa na waimbaji zaidi ya elfu mbili. Sasa fikiria elfu mbili wanaimba pamoja, huwezi kwenda mbio, wa nyuma wanakusikia umechelewa, lazima kondakta apunguze mwendo, na orkestra nayo lazima iongezwe ili isizame. Basi mwendo mzito ulizaliwa hapo, haukutoka kwenye kalamu ya Handel, yeye juu ya Haleluya aliandika Allegro. Na ile solfa tunayotumia, d r m f, John Curwen aliieneza Uingereza karne hiyo hiyo ya 19, makwaya makubwa ya wafanyakazi wa viwandani yakajifunza Messiah kwa solfa, na huku kwetu solfa ilivyofika na wamisionari, na ile desturi ya kuimba kwa uzito ikaja nayo. Wazee wanaimba walivyofundishwa na waliowafundisha, na hao nao walikuwa wakweli kabisa.

Kuna mwandishi mmoja, George Bernard Shaw, mwaka 1891 alichoka na hayo maelfu akaandika kuuliza kwa nini hakuna mtu wa kuipiga Messiah kwa mazoezi ya kweli na kwaya ya watu ishirini wanaojua kazi. Ishirini! Ilibidi isubiriwe karibu miaka tisini mpaka ije rekodi kubwa kama ya Hogwood iliyofanya hivyo kwa nyaraka mkononi, ingawa katikati hapo makondakta Colin Davis mwaka 1966 na Charles Mackerras muda huo huo walikuwa wameshapunguza kwaya na kuongeza mwendo wakitumia vyombo vya kisasa. Nakushauri utafute hiyo ya Davis ili usikilize pamoja na wazee, kwa sababu vyombo ni vya kisasa kama walivyozoea ila mwendo ni mwepesi, wataikubali kirahisi kuliko kurushwa moja kwa moja kwa Hogwood.

Sasa hapa nikuombe uwe mvumilivu kidogo maana swali lako la "ipi aliyoikusudia Handel" lina tatizo, nalo ni kwamba hata Handel hakuwa na moja. Aliandika Messiah kwa siku 24, kuanzia tarehe 22 Agosti 1741, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, kipindi cha kuelekea Pasaka kama nyie mnavyofanya, kwaya ikatoka kwenye makanisa makuu mawili ya mji ule. Halafu kila alipoipiga tena alibadilisha kulingana na waimbaji aliokuwa nao. Mfano mzuri ni ile solo ya Malaki 3, "Lakini ni nani atakayestahimili siku ya kuja kwake?" Mwanzoni ilikuwa ya besi, fupi, ya kawaida tu. Mwaka 1750 alikuwepo London muitaliano mmoja, Gaetano Guadagni, mwanaume aliyehasiwa utotoni ili abaki na sauti ya juu, Handel akamuandikia upya ile solo, akatia ile sehemu ya moto wa mfua fedha inayokimbia kama vayolini zinaungua. Baadaye wachapishaji wakaichukua hiyo ya Guadagni wakaishusha wakampa besi, na rekodi nyingi za zamani zina besi anahangaika nayo wakati Handel hakumpangia besi ile spidi. Kwa hiyo ukikuta rekodi mbili zinatofautiana mpaka noti zenyewe, usiseme moja wamekosea, uliza kwanza hii ni Messiah ya mwaka gani. Ukitaka ya Dublin 1742 ipo, kondakta John Butt na kundi la Dunedin Consort la Scotland walirekodi 2006, waimbaji kumi na kitu tu, waimba solo ndio hao hao kwaya. Mwalimu, hiyo isikilizeni nyote. Ndiyo rekodi ninayoirudia kuliko zote kwa sababu unasikia watu wanaongea na wewe, unasikia maneno, na mtu mmoja kwenye sauti ya pili akivuta pumzi unamsikia.

Kuhusu hiyo nusu noti, yaani nusu toni, mpiga kinanda wako ana masikio mazuri, mpongeze. Haleluya ipo D, na kinanda chenu noti yake ya A ni hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, kama vinanda karibu vyote vya leo. Hao wa vyombo vya zamani wanatumia 415, ambayo ni nusu toni kamili chini, kwa hiyo kwenye kinanda chenu D yao mtaikuta pale kwenye Db, yaani D iliyoshushwa nusu toni. Lakini usije ukadhani 415 ndiyo ilikuwa ya Handel kabisa kabisa. Ipo uma ya kupimia sauti iliyobaki, inayohusishwa na Handel mwaka 1751, ukiigonga inatoa A ya 422.5, yaani ipo katikati hapo. 415 ni makubaliano ya wapigaji wa siku hizi kwa sababu ni rahisi, ni nusu toni kamili, mwenye kinandakinubi (harpsichord) anasogeza tu kibao cha vidole ufunguo mmoja. Zamani kila mji ulikuwa na A yake.

Hilo kwa kwaya si jambo dogo hata kidogo. Nenda pale kwenye "Mfalme wa wafalme", sauti ya kwanza imeshikilia noti ndefu na wengine wanajibu chini "milele na milele, Haleluya". Noti ile inapanda ngazi moja moja, do, halafu re, halafu mi, halafu fa, kila ngazi inashikiliwa, na ukifika hiyo fa ya juu, ambayo ni G, wamama wa kwaya wameshachoka shingo. Kwenye 440 na mwendo mzito ule wa Beecham hiyo G ni mateso, sauti inakaza, watu wanaanza kupiga kelele badala ya kuimba na pichi inashuka. Ukishusha nusu toni na ukaongeza mwendo kidogo, noti ile ile inashikiliwa muda mfupi na ipo chini, unasikia inafunguka. Kwa hiyo kabla hujamlaumu soprano sikiliza kwanza mwendo wako.

Ila na vijana nao wasikie hili. Hao wa Oxford wanaimba Kiingereza, "King of kings" ni silabi tatu, sisi tuna silabi mara mbili na zaidi kwa nafasi ile ile, kwa hiyo mkisema muige spidi ya Hogwood neno kwa neno mtabaki mnatafuna maneno na mshirika wa benchi la nyuma hataambulia kitu. Tafuteni mwendo ambao sauti ya nne ikianzisha "naye atamiliki" inatamkika yote bila kukimbia, maana wao ndio wanaoanza, wakifuatwa na ya tatu, ya pili, na ya kwanza mwisho, na mwendo wanaoushika besi ndio kila mtu ataurithi. Hapo ndipo pa kupimia, msipimie mwanzo kwenye "Haleluya" maana pale kila mtu anaweza.

Kingine ambacho watu hawaambiwi kuhusu rekodi hizi. Haziimbwi mara moja kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Wanaimba kipande, wanarudia, wanaimba kingine, halafu fundi anachagua kilichotoka vizuri anaunganisha. Hakuna kwaya duniani inayoimba masaa mawili na nusu bila mtu kukohoa. Na kanisa au ukumbi waliorekodia una mwangwi, huo mwangwi unafunika pale watu walipovuta pumzi, ndio maana zinasikika kama hawapumui. Nyie kwenye kanisa lenye bati na dari ya mbao hamna mwangwi huo, kwa hiyo pangeni kabisa nani anavuta pumzi wapi, wawili wawili wapishane, msitegemee kuta ziwasaidie. Na tafadhali, besi wasijifunze kwa spika ya simu. Spika ya simu haitoi noti za chini, wanabaki kubahatisha wakidhani hawajui kumbe hawajaisikia. Wape earphone au redio ya kawaida.

Hapa niongeze jambo moja la muziki wa zamani zaidi, kwa sababu mwishoni mwa ujumbe wako uligusia kwamba vijana wamependa pia Miserere ya Allegri, ile ya Zaburi 51 yenye soprano anayepaa mpaka C ya juu kabisa. Ni wimbo mzuri na nimefurahi wameufikia wenyewe. Gregorio Allegri alikuwa muimbaji wa kwaya ya Papa, aliutunga miaka ya 1630, ukawa unaimbwa Juma Kuu kwenye Kanisa la Sistina, na ndio ule ambao Mozart wa miaka 14 aliusikia Roma mwaka 1770 akaenda kuuandika kutoka kichwani. Sasa ile C ya juu, Allegri hakuiandika. Mtunzi Mendelssohn mwaka 1831 aliusikia Roma ukiimbwa juu kuliko kawaida akaandika kipande chake vile vile alivyosikia, halafu karibu na mwaka 1880 kwenye kamusi ya muziki ya Grove kipande hicho kikapachikwa katikati ya toleo lingine la kii (key) tofauti, yaani ni makosa ya uchapishaji. Wakaja watu wakaimba hivyo hivyo, na mwaka 1963 kwaya ya King's College, Cambridge, chini ya David Willcocks ikaurekodi kwa Kiingereza na mtoto wa miaka 12 anaitwa Roy Goodman akaipiga ile C safi kabisa, basi dunia nzima ikaamini hivyo ndivyo ulivyo. Mwaka 1980 The Tallis Scholars wakaurekodi kwa Kilatini pale Merton College, Oxford, soprano Alison Stamp, wakamweka yeye na wenzake wachache mbali na kwaya kubwa, ukisikiliza kwa earphone unasikia kabisa kwamba wapo upande wa pili wa jengo. Rekodi hizo mbili nazipenda kwa moyo wote, nikizisikia lazima nisimamishe ninachofanya. Lakini ukitaka kusikia papa alichokuwa akisikia, tafuta ya kundi la Ufaransa A Sei Voci, hao walirudisha yale madoido ambayo waimbaji wa Sistina walikuwa wanajazia wenyewe, na hutaamini ni wimbo ule ule.

Nimeileta hii kwa sababu ndicho kinachotokea kwenye usharika wenu sasa hivi. Rekodi moja ikisikilizwa sana inageuka kuwa sheria. Zamani kwenye zile santuri za mizunguko 78 kwa dakika, upande mmoja ulibeba kama dakika nne, Haleluya inaenea humo vizuri, ikawa inauzwa peke yake na kuchezwa peke yake, watu wengi wakaijua hiyo dakika nne na wasijue kwamba kabla yake kuna muziki mrefu, pamoja na mateso ya Isaya 53. Ukiwa na muda wakati mmoja wa mazoezi wachezee kwaya kuanzia pale kwenye "alidharauliwa na kukataliwa na watu", waisikilize mpaka ifike Haleluya bila kuruka. Wataiimba tofauti, mimi nimeona hivyo.

Kwa hiyo nikiwa mimi kwenye nafasi yako wiki hii: wazee nawaachia ule utukufu, pale "Mfalme wa wafalme" sauti ijae kweli, msiimbe kama mnaogopa, wana haki hapo. Vijana nawaachia mwendo mwepesi, ila wa Davis, sio wa Hogwood. Waimba solo wenu, kama mnao, wasisimame pembeni, warudi kwenye kwaya kama alivyofanya Handel, sauti nne za nguvu kwenye kwaya ya 24 ni jambo kubwa. Pale pa utulivu, "Ufalme wa dunia", imbeni kwa sauti ndogo kweli, maana mkiimba kwa nguvu hapo, besi wakianzisha "naye atamiliki" hawatakuwa na pa kupanda.

Na mpiga kinanda mwambie abonyeze transpose, aweke -1, acheze D yake kama kawaida, hana haja ya kujifunza Db. Jaribuni hivyo mazoezi mawili halafu mrudi kwenye 0 msikilize tofauti. Ila muwaangalie besi, maana kinachomfurahisha soprano kwa kushuka kinamnyima besi noti zake za chini, na kama besi wenu ni vijana wadogo ambao sauti hazijakomaa, bakini na D.